Bahari Ina Mwenyewe: Je, Muumba Yupo, na Imani Inaipa Nini Jamii?



Leo tunachukua swali ambalo vijana wengi wanajiuliza kimyakimya, ila wachache wanathubutu kulitoa mbele ya jumuiya: kweli Muumba yupo? Na kama yupo, sisi tunaomwamini tunaisaidia nini jamii? Chukua Biblia yako na, ukiweza, Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK). Twende taratibu.

Nianze na habari ya nyumbani.

Kaka yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mvuvi katika kijiji cha pwani kusini mwa Tanga mjini. Alibatizwa, akapata Komunyo na Kipaimara kama mimi. Baadaye akajiunga na kundi la wavuvi wa baruti. Kama umekulia pwani yetu unajua ninachosema: asubuhi unasikia mlio mzito kutoka baharini, mabati yanatikisika, halafu kila mtu anaendelea kunywa chai yake. Mama alipomkanya, alijibu huku anacheka: "Mama mdogo, bahari haina mwenyewe. Nani ataniuliza?"

Siku moja utambi uliwaka haraka kuliko alivyotegemea. Akapoteza mkono wa kulia.

Nilikwenda kumwona hospitali. Mimi ni kijana wa VIWAWA, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa na maneno ya faraja. Nikamwambia, kaka, Mungu anakupenda. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema: "Mdogo wangu, huyo Mungu wako yupo kweli? Na kama yupo, mbona nyie watu wake mlikuwa mnakula samaki wangu?"

Nikakosa jibu, maana alisema kweli. Ijumaa za Kwaresima nyumbani kwetu tulikula samaki wake. Mama alipompasua aliona mifupa imevunjika ndani, nyama imelegea, damu imevia. Kila mama wa pwani anamtambua samaki wa baruti. Tulijua. Tukafanya ishara ya msalaba, tukashukuru, tukala.

Somo hili ni jibu langu kwake, ingawa nimechelewa. Aliuliza mambo mawili, na yote mawili yamo ndani ya lile neno lake la kwanza: bahari ina mwenyewe au haina?

SWALI LA KWANZA: AKILI INAWEZA KUJUA KWAMBA MUUMBA YUPO?

Kanisa linajibu: ndiyo. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba mtu anaweza kumjua Mungu kwa hakika kwa mwanga wa akili yake, akianzia kwenye vitu vilivyoumbwa (soma KKK 36). Mtume Paulo alikwisha kulisema hilo kwa Warumi (Rum 1:19-20), na kabla yake mwandishi wa kitabu cha Hekima aliwashangaa watu waliotazama uzuri wa moto, upepo, nyota na maji wasimtambue aliyevifanya (Hek 13:1-9).

Lakini tuelewane. Kanisa halisemi kwamba Mungu anapimwa maabara kama damu. Katekisimu inazungumza juu ya njia za kumwendea Mungu, hoja kadhaa zinazokutana mahali pamoja (KKK 31). Tuangalie tatu.

1. Njia ya nanga

Fikiria dau limefungwa kamba kwenye dau lingine, nalo limefungwa kwenye la tatu, la tatu kwenye la nne. Mkondo unavuta, lakini madau yote yametulia. Utauliza: yameshikwa na nini? Mtu akikujibu, "Hili limeshikwa na lile," hajamaliza. Hata madau yawe mia, hata yawe elfu, kama mahali fulani hakuna nanga iliyoshika chini, yote yanachukuliwa na maji.

Sasa jitazame. Wewe upo kwa sababu kuna hewa, maji, chakula, joto la jua. Hivyo navyo vinategemea vingine. Kila kitu tunachokiona kingeweza kutokuwepo, na kipo kwa kuegemea kitu kingine. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba vitu vya namna hiyo haviwezi kuwa ndivyo vyote vilivyopo. Lazima awepo mmoja asiyemtegemea yeyote, ambaye anavishika vyote. Huyo watu wote humwita Mungu. Na angalia: hatuzungumzii zamani tu. Ni sasa hivi, wakati unasoma, unashikwa usipotee.

Kijana mmoja aliniuliza, "Sawa, na Mungu aliumbwa na nani?" Swali zuri, lakini ni kama kuuliza nanga imefungwa kwenye dau gani. Hatukusema kila kilichopo kina aliyekifanya. Tulisema kila kinachotegemea kinahitaji kisichotegemea.

2. Njia ya bamvua

Mvuvi wa Tanga hahitaji shahada ili ajue kwamba mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu kutakuwa na bamvua, na katikati yake maji mafu. Anapanga kazi yake kwa kuamini kwamba bahari ina utaratibu, na haimdanganyi. Mwanasayansi naye anafanya hivyohivyo kwa hesabu zake.

Kwa nini dunia ina utaratibu ambao akili ya mtu inaweza kuusoma? Ingeweza kuwa vurugu tupu. Tunapokuta maandishi yanayosomeka, tunajua kuna aliyekuwa na maana ya kusema. Waamini tunasema ulimwengu unasomeka na akili kwa sababu umetoka kwenye Akili.

3. Njia ya dhamiri

Ndani yako kuna sauti inayokuambia hili usifanye, hata kama hakuna anayekuona na hata kama lina faida. Sisi mezani kwetu ile Ijumaa tuliisikia. Hakuna askari aliyekuwa pale, na samaki alikuwa mtamu. Lakini kila mmoja aliinamisha macho. Kwani tulikuwa tunamwonea haya nani? Kama mema na mabaya ni mapatano ya watu tu, basi mtaa mzima ukikubaliana kula samaki wa baruti mambo yanaisha. Lakini hayaishi. Dhamiri inatudai kwa mamlaka ambayo sisi hatukuipa.

Njia hizi tatu zinatufikisha mlangoni: yupo Mmoja anayeshika vyote, mwenye akili, anayetudai wema. Ili tujue kwamba huyo ni Baba, na kwamba alimtuma Mwanae akazaliwa na Bikira Maria na kufa msalabani, ilibidi aseme mwenyewe. Huo ndio ufunuo. Akili inafika mlangoni, imani inaingia ndani.

LAKINI SAYANSI JE?

Wengi mmesikia kwamba sayansi imemfukuza Mungu. Basi mfahamu Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji. Alipewa upadri mwaka 1923. Mwaka 1927 alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulimwengu wote ulianza kutoka chanzo kimoja kidogo mno. Hiyo ndiyo mbegu ya nadharia ya mlipuko mkuu, ambayo leo wanasayansi wanaitumia kueleza ulimwengu wenye miaka kama bilioni 13.8.

Cha kushangaza, Padri Lemaître hakutaka nadharia yake itumike kuthibitisha kitabu cha Mwanzo. Alijua kila chombo na kazi yake. Sayansi inaeleza jinsi dau moja lilivyofungwa kwenye lingine, na inafanya vizuri sana. Swali la nanga ni la aina nyingine.

Kwetu Tanga tuna mwalimu mwingine: silikanti. Wataalamu walimjua kutoka kwenye mabaki ndani ya mawe tu. Ukoo wake una miaka kama milioni 400, na waliamini ulitoweka zamani za madinosaria. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja mzima huko Afrika Kusini, dunia ikashangaa. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa huku kwetu nao wakawa wanampata kwenye majarife yao ya maji marefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Tusimtumie vibaya samaki huyu. Kupatikana kwake hakuthibitishi kwamba Mungu yupo. Mungu hajajificha pangoni kama silikanti, useme tukipiga mbizi vizuri tutamkuta. Ukihesabu vitu vyote vya baharini na vya angani hutamkuta Mungu kuwa kimojawapo, kwa sababu yeye ndiye anayevifanya vyote viwepo. Silikanti anatufundisha jambo dogo tu, lakini la maana: tusiwe wepesi wa kusema "hakipo" eti kwa sababu sisi hatujakiona. Na hizo namba za miaka zisikutishe. Mwanzo inatuambia nani aliumba na kwa nini, haikukusudia kuwa kitabu cha baiolojia.

NA MATESO JE?

Hapa ndipo kaka yangu alipokuwa amelala. Mkono wake aliuharibu kwa baruti aliyoishika mwenyewe, na hilo analijua. Mungu alitupa uhuru wa kweli, na uhuru wa kweli unaweza kuumiza. Lakini si mateso yote yanaelezeka hivyo. Mtoto anayekufa kwa malaria hakuwasha utambi wowote.

KKK 309 inakiri kwamba hakuna jibu la haraka linalotosha. Jibu ni imani nzima ya Kikristo. Ayubu alipouliza, Mungu alimwonyesha ukubwa wa bahari na nyota (Ayu 38), hakumpa maelezo. Kwetu ameongeza kitu kimoja: amekuja kuteseka pamoja nasi. Mikono ya Yesu nayo ilitobolewa. Hilo halifuti swali, lakini linatuwezesha kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa bila kukimbia. Laiti siku ile ningekaa tu, nikapunguza maneno.

SWALI LA PILI: IMANI INAIPA JAMII NINI?

Kama Muumba yupo, basi kaka yangu alikosea: bahari ina mwenyewe. Zaburi ya 24 inaanza kwa kutangaza kwamba dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Katika Mambo ya Walawi (Law 25:23) Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba ardhi ni yake, wao ni wageni na wapangaji. Naye Yesu alisimulia juu ya wakulima waliopangishwa shamba la mizabibu wakataka kulifanya lao (Mt 21:33-43). Yaani imani inaileta jamii ukweli huu: hakuna mtu wala kitu ambacho unaweza kukifanya utakavyo. Tazama mifano mitatu.

Kwanza, mwanadamu hana bei

Kutoka Tanga ukishuka kusini unapita Pangani, unapita Saadani, unafika Bagamoyo. Karne ya 19 Pangani na Bagamoyo zilikuwa bandari za misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara. Watu waliuzwa kama magunia, wengi wakavushwa kwenda Unguja. Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo na kuanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Mwaka 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 2018 Kanisa letu liliadhimisha pale Bagamoyo miaka 150 ya Uinjilishaji Tanzania Bara.

Tuseme ukweli wote. Waliokombolewa waliishi chini ya ratiba kali ya misheni, kazi na sala kwa kengele, na ni haki kuuliza kama uhuru wao ulikuwa kamili. Pia Wakristo wa mataifa mengi walimiliki na kuuza watumwa kwa karne nyingi, huku wanakwenda kanisani. Imani yenyewe ndiyo inayowahukumu. Kama kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu (Mwa 1:27), basi ana Mwenyewe tayari, na mwingine akidai kummiliki ni mwizi. Ukweli huo ulikuwa kwenye Biblia muda wote. Shida ilikuwa wasomaji.

Pili, bahari na nchi tumekabidhiwa

Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza (Mwa 2:15). Baruti inafanya kinyume. Mlipuko mmoja unaua wakubwa na wadogo pamoja, wengi wanazama bila kuokotwa, na tumbawe linavunjika vipande. Matumbawe yale makubwa ya mviringo hukua milimita chache hadi kama sentimita mbili kwa mwaka. Kinachovunjwa kwa dakika moja, mjukuu wako anaweza asikione kimerudi. Tunashukuru kwamba doria zimesaidia na milipuko imepungua sana kwenye pwani yetu. Lakini doria haiwezi kukaa kila mwamba, kila usiku. Mtu anayeamini kwamba bahari ina Mwenyewe hahitaji boti ya doria ili aache. Papa Fransisko alilikumbusha Kanisa zima jambo hili katika waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, na KKK 2415 inaliweka chini ya amri ya saba: usiibe. Fikiria hilo: anayeharibu bahari anamwibia mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Tatu, jirani yako ni wa Mungu huyohuyo

Sisi wa Tanga tunaishi na Waislamu nyumba moja, mtaa mmoja, mara nyingi ukoo mmoja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulisema kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja, muumba wa mbingu na dunia. Tunatofautiana juu ya Kristo, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini juu ya swali la leo tunasimama upande mmoja. Mzee wa Kiislamu pale dikoni alimkanya kaka yangu kabla yetu: "Mwanangu, hivi vina Mwenyewe." Ingefaa tungemsikiliza.

TUSIJIDANGANYE

Rafiki yako asiyeamini anaweza kukuambia, "Mbona mimi siamini na ninawasaidia watu kuliko nyie?" Usibishe. Inawezekana kabisa. Dhamiri amepewa kila mtu, na asiyemjua Mungu anaweza kuitii kuliko mwana-kwaya. Mshukuru, na ujifunze kwake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikiri jambo zito katika Gaudium et Spes (na. 19): sisi waamini tunaweza kuchangia watu kumkana Mungu, pale tunapomficha kwa mafundisho mabovu na maisha yasiyolingana na imani. Kaka yangu hakusoma kitabu chochote cha kupinga dini. Alituona sisi tunanunua samaki wake. Sisi ndio tuliomfundisha, kwa shilingi zetu, kwamba bahari haina mwenyewe. Mtakatifu Yakobo anasema wazi kwamba imani bila matendo imekufa (Yak 2:14-26), na mimi niliiona imekufa kwenye sahani yangu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza, "Imani inaisaidia nini jamii?", usikimbilie kuhesabu hospitali na shule za Kanisa, ingawa zipo na tunajivunia. Anza kwako. Kuna kitu gani umekiacha, au umekilipa, au umekirudisha, kwa sababu tu unaamini kina Mwenyewe?

TUFANYE NINI WIKI HII?

1. Soma Hek 13:1-9 na Zab 24 polepole, ukiwa ufukweni au mahali unapoona mbingu.
2. Uliza kitu unachonunua kimetoka wapi: samaki, mkaa, simu ya bei ya kutupa. Kama unajua kina dhambi ndani yake, kiache.
3. Tafuta mtu mmoja aliyeacha kanisa. Usimhubirie. Muulize kilichomuumiza, kisha msikilize mpaka amalize.

Maswali ya kujadili kwenye kundi lenu:
- Kati ya njia ya nanga, ya bamvua na ya dhamiri, ipi inakugusa zaidi, na kwa nini?
- Ni dhambi gani katika mtaa wetu tumeizoea mpaka tunaendelea kunywa chai?
- Tunamwelezaje Muumba kwa rafiki Mwislamu au asiyeamini bila kumdharau?

Kaka yangu siku hizi ana kibanda cha kuchaji simu karibu na diko. Bado hajarudi kanisani. Nilimsomea somo hili kabla ya kulitoa. Akasema, "Hiyo ya nanga nimeielewa. Hiyo ya mateso bado." Nikamwambia hata mimi bado. Tukanywa chai. Mama naye, kila akienda kununua samaki, anabonyeza nyama kwa kidole, na ikilegea anarudisha. Juzi tulikula maharage Ijumaa, na kaka alikuwepo.

TUSALI

Ee Mungu Muumba wetu, unayetushika hata tunapokusahau, utusamehe kwa mara tulizoishi kama vile dunia haina mwenyewe. Uwaangalie wavuvi wetu, waliojeruhiwa, na wote wanaokutafuta bila kujua jina lako. Utupe akili ya kukutambua katika kazi zako, na moyo wa kuzitunza. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, Nyota ya Bahari, utuombee.

Tuonane katika somo lijalo. Mungu akubariki, na usisahau kuniombea nami.